Redio ya Intaneti Katika Nyumba ya Mawe

Tangu tuweke redio ya intaneti kwenye kidaka cha msana, yaani kishubaka cha ukutani katika ukumbi wa nyumba, hapa kwetu Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, kila mgeni anayeiona huniuliza swali lile lile: kwa nini nilipe pesa kununua sanduku la kufanya kazi ambayo simu yangu inaifanya bila malipo ya ziada. Swali ni la haki na nitalijibu. Lakini jibu lina upande wa pili ambao wauzaji hawausemi, nao ni kwamba sanduku hili, tofauti na redio zote tulizowahi kuwa nazo nyumbani, linaweza kunyamaza moja kwa moja siku yoyote ilhali ndani yake hakuna kilichoharibika. Mwenye kutaka kulinunua ni vyema alijue hilo kabla ya kutoa pesa zake.

Simu ni ya mtu mmoja. Ina nenosiri, ina siri za mwenyewe, hukatiza kipindi kila anapopiga mtu, na mwenyewe akienda sokoni huondoka nayo. Redio ni ya nyumba. Mama yangu hapendi kugusa kioo cha simu kwa sababu, kwa maneno yake, kila akikigusa humpeleka asikokwenda. Lakini hubonyeza kitufe cha kwanza cha redio akapata Radio Rahma ya Mombasa, cha pili akapata ZBC ya Zanzibar, cha tatu akapata Qur'ani kutoka Cairo, na cha nne, ambacho ni changu, hakigusi. Mtu akipita kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, husikia kinachosemwa, akakaa au akaenda zake. Kwa nyumba yenye watu wazima watatu na watoto wanaoingia na kutoka, sikuona sababu nyingine ya kutafuta.

Hatukuanza leo kusikiliza vya mbali. Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC ikafuata mwaka 1957, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Usiku, mawimbi ya masafa mafupi yanaporudishwa chini vizuri na tabaka za juu za anga, sauti hizo zilifika Amu, ndiyo Lamu, zikipanda na kushuka, na wazee wetu walizifuata kwa kuzungusha swichi kidogo kidogo kwa ncha za vidole. FM ilipokuja ilisafisha sauti lakini ikafupisha safari, kwa kuwa mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka na hukoma kitambo kidogo baada ya upeo wa macho. Kutoka Mombasa hadi hapa ni kilomita zipatazo 240 ukipima kwa mstari ulionyooka. Kituo cha huko ambacho hakina mtambo wa kurushia matangazo upande wetu hakisikiki, isipokuwa siku chache ambapo hewa iliyotulia juu ya bahari huyabeba mawimbi kupita kawaida, yakaja kwa saa moja kisha yakapotea. Basi ajabu ya redio ya intaneti kwetu si kwamba inaleta vituo vya Marekani. Ajabu yake ni kwamba imetuletea Mombasa.

Sasa niseme jinsi inavyofanya kazi, kwa maana huko ndiko lilikofichika lile nililolitanguliza. Ndani ya sanduku kuna kompyuta ndogo iliyovikwa umbo la redio. Unapochagua jina la kituo, redio nyingi za aina hii haziendi kwa kituo moja kwa moja. Huenda kwanza kwenye seva ya orodha, yaani kompyuta ya mbali inayotunza orodha ya vituo, na kuuliza kituo hicho kinapatikana kwa anwani gani, na zikishajibiwa ndipo huufuata mkondo wenyewe, yaani sauti ya kituo inayotiririka kupitia intaneti. Orodha hiyo ina maelfu ya vituo, nayo lazima itunzwe na watu, kwa sababu vituo hubadilisha anwani zao mara kwa mara bila kumwambia yeyote. Seva ya orodha si ya duka lililokuuzia redio, na mara nyingi si hata ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa usoni mwa redio. Ni ya mtu wa tatu, ambaye analipwa na mtengenezaji, kwa mkataba ambao wewe hukuuona wala hukuulizwa.

Mwaka 2021 huduma ya Reciva, iliyokuwa ikizipa orodha redio za watengenezaji wengi, ilifungwa. Redio hizo zilikuwa na spika nzuri, skrini zinazowaka na adapta zenye afya, lakini zilikuwa zinabisha kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2019, redio zenye chipu za kampuni ya Frontier Silicon zilihamishwa kutoka orodha ya vTuner hadi orodha nyingine, na watu waliokuwa wamejihifadhia vituo vyao kwa miaka wakalazimika kuvitafuta upya kimoja kimoja. Vituo navyo vina mchango wao: mwaka 2015 BBC ilibadilisha namna ya kurusha mikondo yake, na redio za zamani ambazo hazikuweza kuielewa namna mpya zikaikosa BBC. Udhaifu huu ulizaliwa pamoja na chombo chenyewe. Redio ya Kerbango, iliyotangazwa mwaka 2000 kuwa ya kwanza ya namna hii ya kuwekwa mezani peke yake bila kompyuta, ilinunuliwa na kampuni ya 3Com kwa mamilioni ya dola na mradi wake ukafungwa mwaka 2001 kabla haijafika dukani.

Kwa sababu hiyo nilipokuwa nikichagua sikuuliza sana juu ya ukubwa wa spika wala rangi za skrini. Niliuliza kama redio inakubali kuandikiwa anwani ya mkondo kwa mkono, bila kupitia kwenye orodha ya mtu, na kama anwani hizo zinahifadhiwa ndani ya redio yenyewe au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Redio inayozihifadhi ndani yake inaweza kufiwa na orodha na bado ikaendelea kuimba. Inayozihifadhi kwenye tovuti imekuachia matumaini tu. Muuzaji wa kwanza hakuelewa nilichouliza, wa pili alinijibu kwamba redio ina vituo zaidi ya elfu thelathini, jambo ambalo sikuwa nimemuuliza.

Kuipata anwani yenyewe si kazi ngumu. Vituo vingine huiweka wazi kwenye tovuti zao, na iko orodha ya hiari iitwayo Radio Browser, inayoandikwa na wasikilizaji wenyewe na iliyo wazi kwa yeyote, ambamo utaziona anwani pamoja na aina ya mkondo na kasi yake. Mimi huiweka anwani kwenye kivinjari cha simu kwanza. Ikicheza hapo bila picha na bila matangazo ya kunitaka nijisajili, naichukua. Jambo la kuangalia ni kwamba redio nyingi za zamani hushindwa na anwani zinazoanza na https, zikataka http tupu, na kwamba karibu zote hukubali mkondo wa aina ya MP3, ilhali wa AAC na ile mikondo iliyokatwakatwa vipande, iitwayo HLS, hukubaliwa na baadhi tu. Ukinunua redio iliyotumika, haya ndiyo ya kujaribu pale pale dukani, kwa waifai ya muuzaji, kabla ya kusifu sauti.

Nije kwenye ukuta. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ya mtindo ule ule uliofanya mji huu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ukuta una unene wa dhiraa moja, pengine zaidi, na dari ni boriti za mikoko zilizolazwa mawe na chokaa juu yake. Nyumba ya namna hii huzuia joto, huzuia kelele za njiani, na huzuia waifai kwa ustadi ule ule. Fundi aliyetufungia intaneti aliitundika ruta, kile kifaa cha kugawa waifai, kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha ulikoingilia waya, kisha akasimama hatua mbili kutoka kwenye ruta na kutuonyesha kwenye simu yake kwamba kila kitu kiko sawa. Kwenye msana, kuta mbili nyuma, redio ilionyesha mstari mmoja wa mawimbi, nao ulipotea kila mtu alipopita mbele yake. Sauti ilikuja maneno manne, ikanyamaza, ikarudi ikiwa imeruka sentensi nzima. Taarifa ya habari ikisikika hivyo ni bora isisikike.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kununua kifaa cha kurudia mawimbi. Tulikiazima kimoja tukakijaribu, na faida yake ilikuwa ndogo, maana kifaa hicho nacho lazima kiyasikie mawimbi kabla ya kuyarudia, na ukuta ni ule ule. Ruta za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya pili yana kasi zaidi lakini ukuta mnene huyameza upesi zaidi, na redio nyingi za intaneti hazina hata uwezo wa kuyapokea. Kama ruta yako imeyapa yote jina moja, yatenganishe, uyape ya 2.4 jina lake, na uiunge redio hapo.

Kilichotufaa zaidi ni ramani ya nyumba yenyewe. Waliojenga nyumba hizi walizipanga sehemu zake zikafuatana kutoka kiwandani, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, na wakaiacha misana wazi upande wa kiwanda ili mwanga na hewa vifike nyuma kadiri inavyowezekana. Mawimbi ya ruta, kwa jambo hili, yana tabia ya mwanga: penye uwazi hupita. Tuliihamisha ruta kutoka chumba cha mbele tukaiweka juu, kwenye dirisha linalotazama kiwanda, kwa kuvuta waya wake kupitia tundu lile lile lililokuwa limetobolewa zamani kwa ajili ya waya wa stima, kwa maana sikutaka kutoboa lipu ya kale kwa ajili ya redio. Mawimbi sasa hushuka kiwandani na kuingia msanani bila kugusa ukuta. Redio tuliitoa pembeni tukaiweka kwenye kidaka cha katikati, kinachoelekea kiwanda, na mistari ya mawimbi ikawa mitatu. Misimu ya mvua, kuta zikinywa maji, hushuka ikawa miwili, na miwili inatosha. Nyumba ambazo kiwanda chake kimefunikwa kwa mabati hazitapata faida hii yote. Wenye nyumba hizo ni heri wavute waya wa mtandao hadi karibu na redio, au wanunue redio yenye tundu la kuchomeka waya huo.

Kuhusu matumizi ya data watu wana hofu kuliko inavyostahili. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde hula megabaiti 57.6 kwa saa. Ukisikiliza saa 5 kila siku kwa siku 30 ni kama gigabaiti 8.6. Vituo vya mazungumzo mara nyingi hurusha kwa kasi ndogo zaidi, na mkondo wa kilobiti 48 hula megabaiti 21.6 tu kwa saa. Mwenye intaneti ya malipo ya mwezi hatahisi kitu. Anayenunua bando la siku ndiye wa kupiga hesabu, na ndiye anayepaswa kukumbuka kuizima redio badala ya kuishusha sauti, kwa kuwa redio iliyoshushwa sauti inaendelea kula kama kawaida.

Lililonishangaza zaidi ni njia ambayo sauti hupitia. Vituo vidogo vingi hukodi seva Ulaya au Marekani, kwa hiyo maneno ya mtangazaji aliyeketi Mombasa huvuka bahari kwa kebo, yakapokewa huko, kisha yakarudi hadi Lamu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikazorota kwa siku kadhaa. Mama alitaka kujua kwa nini Mombasa haisikiki ilhali basi limefika kutoka huko asubuhi na abiria wake wazima. Nilijaribu kumweleza habari za kebo na Afrika Kusini. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Haya mwanangu, washa ile ya betri."

Safari hiyo ndefu ndiyo pia inayoichelewesha sauti. Redio hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kuanza kucheza, ili mtandao ukisita kidogo usikatike, na ukijumlisha na muda wa seva utakuta umechelewa sekunde 10 hadi 30, mara nyingine zaidi ya dakika. Kwa muziki haidhuru. Kwa saa na kwa adhana inadhuru, na katika Ramadhani jambo hili linahitaji kusemwa wazi. Lamu iko mashariki ya Mombasa kwa takriban nyuzi 1 na robo za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo alfajiri na magharibi za hapa hutangulia za Mombasa kwa wastani wa dakika 5, zikizidi au kupungua kulingana na msimu. Anayefuturu kwa adhana ya Mombasa kupitia redio hii amejichelewesha tu, akakosa fadhila ya kuharakisha. Anayeacha kula daku kwa adhana hiyo huenda amekula baada ya alfajiri ya Lamu kuingia, na hilo si jambo dogo. Misikiti ya Amu iko karibu kiasi kwamba hakuna haja ya kuomba wakati kutoka mji mwingine.

Usiku wa kutazamia mwezi ndio huonyesha mpaka mwingine wa chombo hiki. Kwenye FM, mtambo unaorusha haujui kama wanaosikiliza ni kumi au laki moja. Gharama ni ile ile. Kwenye intaneti kila msikilizaji huchukua nafasi yake kwenye seva, na kituo hulipia nafasi kwa idadi. Usiku wa siku ya 29 ya mwezi wa Kiislamu, watu wote wa Pwani na ndugu zao walioko Ghuba na Ulaya wanapotafuta tangazo la kuandama kwa mwezi kwa pamoja, nafasi hujaa, na redio yetu imewahi kuandika kwamba kituo hakipatikani wakati huo huo ambao jirani mwenye redio ya kawaida alikuwa akisikiliza kituo kingine bila taabu. Tulipata habari kutoka kwake kupitia dirishani.

Wapenzi wa mpira nao wajue kwamba kituo cha BBC 5 Live kimekuwa kikikata mkondo wake wa nje ya Uingereza wakati wa kutangaza mechi nyingi, kwa sababu ya haki za matangazo. Redio haina kosa, na kubadilisha mipangilio hakutasaidia.

Yaliyobaki ni matunzo. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi huanza na sehemu zisizotazamwa: ncha ya adapta inayoingia kwenye redio hushika kutu ya kijani, redio ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na fundi asiye mwangalifu akasema ubao wa ndani umekufa. Kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo, kila baada ya majuma machache, kimetutosha. Chokaa inayopukutika kwenye vidaka huingia chini ya vitufe, kwa hiyo tumetandika kitambaa chini na tunaifunika redio usiku. Stima zikipotea redio yenye betri yake haisaidii kitu ikiwa ruta imezimika, na wengi hununua betri ya redio wakaisahau ruta. Tumeweka kijibetri cha akiba cha kuendesha ruta peke yake, nacho huihimili kwa saa chache. Tulifanya pia jambo moja la lazima: kengele ya kuamshia daku tuliiweka iwe ya mlio wa redio yenyewe badala ya kituo, ili mtandao ukikosekana tusilale hadi asubuhi.

Ami yangu anayekaa Matondoni, kijiji cha kisiwa hiki hiki, baada ya kuisikiliza yetu jioni kadhaa, sasa naye anaitaka. Nyumba yake ni ya udongo na makuti, hivyo habari ya ukuta haimhusu, lakini hana intaneti ya waya na atategemea simu ya mwanawe kuigawa, na mwanawe ni mvuvi anayelala baharini. Nimemshauri aanze na kijiruta kidogo cha laini ya simu kitakachobaki nyumbani, kisha ndipo aitafute redio. Tayari ameiona moja Mombasa inayouzwa kwa bei nafuu kuliko tuliyolipa sisi. Nimemwomba mtu wake wa huko apige picha ya upande wa boksi wenye maelezo, aitume kabla pesa haijatoka.